Kifua Kikuu Sugu: Si Kila Mgonjwa Aliacha Dawa

Dawa za TB zikishindwa kumponya mgonjwa, sisi wauguzi tuna swali letu la haraka: "Uliacha kumeza dawa, sivyo?" Niliwahi kumwuliza mama mmoja hivyo mbele ya mkwewe. Akaapa kwamba maisha yake yote hajawahi kutibiwa TB. Sikumwamini. Leo ningemwamini.

Kilichonibadilisha ni habari za Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wenye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari. Kati ya Januari 2005 na Machi 2006 walionekana huko wagonjwa 53 wenye TB iliyokuwa sugu kwa karibu kila dawa ya wakati ule. Wagonjwa 52 walifariki, wengi katika majuma machache tu, na watumishi wa afya walikuwamo. Wote waliopimwa VVU walikutwa navyo. Lakini zaidi ya nusu ya wale ambao historia yao ya matibabu ilijulikana hawakuwa wamewahi kumeza dawa za TB hata siku moja.

Basi waliupata wapi usugu huo? Jibu lilitoka maabara. Kila kijidudu cha TB kina vinasaba, na kikizaliana hurithisha alama zake kama ukoo unavyorithisha sura. Kama usugu ungezuka ndani ya kila mgonjwa peke yake, kwa kurukaruka dawa, alama zingetofautiana. Vilipopimwa vijidudu vya wagonjwa 46, vya wagonjwa 39 vilikuwa vya ukoo mmoja. Maana yake, watu waliambukizana. Tena theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa wamelazwa hospitali miaka ya karibuni. Huenda baadhi yao walikuja kutibiwa maradhi mengine, wakarudi nyumbani na haya.

Sisemi kumaliza dozi si muhimu. Usugu huanzia kwenye matibabu yaliyovurugika. Ila ukishazuka, humfuata hata asiye na kosa, kwa njia ya hewa.

Na hewa ndiyo tunayoweza kuishughulikia. Huko Lima, Peru, wataalamu walipima hewa ya wodi mbalimbali wakaona kwamba wodi za zamani, zenye dari za juu na madirisha makubwa, hupitisha hewa vizuri kuliko nyingi za kisasa. (Wanaocheka majengo yetu ya kale wasikie!) Lakini dirisha lililofungwa halisaidii kitu.

Mwenye kukohoa majuma mawili atoe makohozi mapema. Mashine ya GeneXpert huonyesha kwa saa chache kama kijidudu ni sugu kwa rifampisini, na siku hizi wagonjwa wengi wa TB sugu hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita.

Mkija kuuguza ndugu yenu mkakuta madirisha wazi usiku, msiyafunge. Ombeni blanketi la pili. Na mkiona anayekohoa amelazwa katikati ya wagonjwa wengine, mwambieni muuguzi wa zamu. Asikasirike.