Mashine Humfuata Mwenyewe

Mgeni anayekwenda Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, kukitafuta kiwanda cha saruji cha Songwe atarudi mikono mitupu. Kiwanda kiko Mkoa wa Mbeya, kama ulivyo uwanja wa ndege wa Songwe. Mkoa wenye jina hilo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 tu. Serikali ilikijenga kiwanda pale palipo na mawe ya chokaa, na reli ya TAZARA haiko mbali. Baadaye hisa nyingi zilishikwa na kampuni binafsi. Mmiliki akabadilika, kiwanda hakikusogea: chokaa haihami.

Mjerumani Alfred Weber alilieleza hilo mwaka 1909: malighafi inayopoteza uzito mwingi hukivuta kiwanda kwake. Angalia kahawa ya Mbozi, wilaya ya Mkoa wa Songwe. Kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi, na iliyochumwa asubuhi hutakiwa kumenywa siku hiyo hiyo, isije ikachacha. Ndiyo maana mitambo ya kumenyea ya ushirika hukaa kijijini, karibu na maji. Wenye mitambo ndio wenye mibuni. Nani abebe maganda hadi mjini?

Ila Weber hakuuliza sana mali ni ya nani. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 inayopita Tunduma, mji wa mpakani, ni ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, na karakana zake kubwa ni mbili: moja Dar es Salaam, nyingine Mpika, Zambia. Hapo mimi naona hesabu ya ujirani kuliko ya gharama.

Tunduma mjini hesabu ni nyingine. Mwaka 2012 mji ulikuwa na watu wasiofika 100,000. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Kila lori linalosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, humpandishia bei mwenye kiwanja cha barabarani. Mwenye mashine ya kusaga aliyepanga ndiye wa kwanza kuondoka, kodi ikimshinda. Aliye kwenye kiwanja chake huvumilia, mpaka siku atakapopiga hesabu akaona fremu tano zinalipa kuliko unga. Hapo mashine huhamia pembeni, upande wa Mpemba, yeye akabaki mwenye fremu.

Kiwanda cha umma hakina mwenye nyumba wa kukigongea mlango. Ili kihame, kwa kawaida kinahitaji amri. Shougang, kiwanda cha chuma cha serikali ya China, kilikaa Beijing miongo mingi. Moshi wake ulipochosha jiji, serikali iliamua kihame, na kufikia mwisho wa 2010 uzalishaji wa chuma ulikuwa umehamia Caofeidian, pwani, zaidi ya kilomita 200 kutoka jijini.

Msagaji wa Tunduma haandikiwi amri wala hajengewi kiwanda kipya. Halmashauri ya Mji impimie eneo la mashine lenye umeme wa njia tatu mapema, kabla fremu hazijafika Mpemba.