Mbabula ya Majengo ikifika maabarani, mizani husema nini?

Saa kumi na moja jioni, kata ya Majengo mjini Goma huanza kunuka makala. Mbele ya milango, juu ya mawe meusi ya volkano, mama au binti anapepea mbabula kwa kipande cha katoni. Kwa wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa: makala ndiyo mkaa wenu, na mbabula ni jiko la bati.

Mama huyo ana swali moja kichwani: gunia hili litafika mwisho wa mwezi? Sokoni fundi humwambia kwamba jiko lililoboreshwa linakula makala nusu. Nusu ya nini? Na ni nani aliyepima?

Wa kupima wapo, ila si jirani. Katika ukanda wetu kinachojulikana sana ni kituo cha utafiti wa nishati cha Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kiitwacho CREEC, ambacho hupima majiko. Kwa kuwa kupeleka wamama wa Majengo hadi Kampala si safari ya nauli ndogo, tuingie maabara ya namna hiyo kwa maneno.

Atakayetegemea mashine za ajabu atashangaa kidogo, maana kazi inaanza na mizani. Makala yanapimwa kabla ya kuwashwa, maji yanapimwa, hata sufuria tupu inapimwa. Katika jaribio linalojulikana zaidi, lita tano za maji zinachemshwa jiko likiwa baridi, kisha zinachemshwa tena likiwa limeshapata moto. Baada ya hapo maji yanaachwa yatokote polepole kwa dakika 45. Mwishoni makala yaliyobaki yanarudi kwenye mizani. Hapo ndipo "nusu" ya fundi inapogeuka kuwa gramu.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Goma ataling'amua upesi. Kabla ya yote, wapimaji hutafuta maji yanachemka kwa nyuzi ngapi mahali hapo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Ndiyo maana maharagi ya Goma hukawia kuiva kuliko ya Mombasa, na kila dakika ya ziada inalipwa kwa makala.

Juu ya jiko linalopimwa huwekwa kofia ya bati inayovuta hewa yote inayotoka, ili vumbi la moshi na gesi ya kaboni monoksidi vipimwe. Mimi naona hapa ndipo penye somo kubwa. Sisi huamini makala ni salama kuliko kuni kwa sababu hayatoi moshi mwingi. Vipimo vinasema mengine: makala yanayowaka hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Baridi ya usiku huku kwetu inajulikana, na wapo wanaoingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto, wakafunga dirisha. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Nje ya jikoni kuna msitu. Tanuru la udongo la kienyeji hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya makala, na sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka Hifadhi ya Virunga. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwa miaka mingi namna makundi yenye silaha yanavyotoza kodi biashara hiyo. WWF ilianzisha mradi wa EcoMakala mwaka 2007, wakulima wakapanda miti ya kuchoma makala, na mjini likaenezwa jiko lililoboreshwa liitwalo Jiko Nguvu.

Umeme je? Bwawa la Matebe, Rutshuru, lilianza kazi Desemba 2015, na kituo cha jua cha kampuni ya Nuru kikafuata Goma mwaka 2020. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda inazalisha umeme kwa gesi ya methani ya Kivu. Lakini taa na simu ni kitu kimoja, sufuria ya maharagi ni kingine.

Wapimaji wenyewe wanajua udhaifu wa jaribio lao: hakuna anayekula maji yaliyochemshwa. Kwa hiyo lipo jaribio la pili, ambalo mpishi wa mahali hupewa jiko apike chakula chake cha kawaida, kwa sufuria yake na kwa namna anayoizoea. La tatu hutoka maabarani kabisa. Wapimaji huenda nyumbani kwa watu na mizani yao, siku kadhaa mfululizo, wakihesabu makala yaliyotumika na midomo iliyolishwa.

Hilo la tatu halihitaji basi la Kampala. Mizani, daftari na wiki moja ya sombe na maharagi vinatosha kulianza Majengo, na Goma ina vyuo vikuu vyenye wanafunzi wanaotafuta mada ya kuandikia kazi zao za mwisho.