Kwa Nini Mafua Humlaza Mmoja na Kumwacha Mwingine

Mvua za Machi hadi Mei zianzapo katika Awendo, barabara za mashamba ya miwa hugeuka tope, watu hukusanyika jikoni penye moto, na kikohozi huenda nyumba hata nyumba. Hapo ndipo huzuka swali ambalo wengi wameliuliza. Watu saba wamelala chini ya paa moja na kuvuta hewa moja. Baba apiga chafya siku mbili, kisha arudi kukata miwa. Nyanya alala kitandani juma zima. Mtoto wa miezi mitatu apelekwa hospitali akihema. Binti aendaye shule haumwi kitu. Wako wasemao kuwa ni baridi, na wako wasemao kuwa ni jicho la jirani. Makala haya yataeleza yale yaliyochunguzwa na wataalamu, kwa kuwa ajuaye jambo hili atajua ni nani katika nyumba yake apasaye kupelekwa kwa daktari kwanza.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Zamani kila kilicholeta ugonjwa kiliitwa kijidudu, na neno hilo lilitosha. Lakini kirusi si mdudu wa namna yoyote. Hakili, hakitembei, wala hakiwezi kuzaa chenyewe. Hungoja kuingia katika chembe hai ya mwili, kisha huilazimisha chembe hiyo kutengeneza virusi wengine. Kwa hiyo ugonjwa hutegemea mambo mawili: kirusi kilichoingia, na mwili uliokipokea. Habari zetu leo ni za huo mwili.

Njia ya pumzi ina walinzi wake. Ndani ya pua na mirija ya mapafu umetandazwa ute unaonata, na chini yake zimo nywele ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zipigazo kasia mchana na usiku ili kuusukuma ute huo juu pamoja na takataka zilizonaswa. Moshi wa kuni na wa tumbaku huzilegeza nywele hizo. Mama apikaye katika jiko lisilo na dirisha, mtoto yumo mgongoni, huwadhoofisha walinzi wa watu wawili kwa moto mmoja.

Sasa tumtazame mtoto mchanga, maana yeye ndiye mwenye hatari kubwa. Mirija yake ya pumzi ni myembamba sana. Ute na uvimbe kidogo ambao kwa mtu mzima ni kero tu, kwake ni mlango uliofungwa nusu. Na hesabu yake ni kali kuliko mtu adhaniavyo: mrija ukipungua nusu ya upana wake, ugumu wa kupitisha hewa huzidi mara 16. Ndiyo maana mtoto huonekana akivuta mbavu ndani kwa juhudi, na huchoka. Kirusi kinachowatesa zaidi watoto wa umri huo huitwa kwa herufi RSV, na karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili.

Tena kinga yake ni ya kuazima. Katika miezi ya mwisho ya mimba, damu ya mama humpa mtoto askari walio tayari, nao humlinda katika majuma ya kwanza, kisha hupungua mwezi kwa mwezi. Aliyezaliwa kabla ya wakati hupokea wachache. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliyashauri mataifa yote mwaka 2025 kuwalinda watoto na RSV, ama kwa kumchanja mama tangu juma la 28 la mimba, ama kwa kumdunga mtoto mwenyewe dawa yenye askari hao. Mama mjamzito na aulize kliniki juu ya jambo hilo.

Ni nani amleteaye mtoto ugonjwa? Huko Kilifi wachunguzi walifuata nyumba 47 kwa muda wa miezi sita, mwaka 2009 na 2010, wakichukua ute wa pua za watu wote mara mbili kwa juma, awe mgonjwa au mzima. Walikuta kwamba mara nyingi kirusi cha RSV kililetwa nyumbani na ndugu wakubwa wa mtoto, hasa wale waendao shule. Basi yule binti asiyeumwa kitu, tuliyemtaja hapo juu, huenda ndiye aliyekibeba.

Naye hakuumwa kwa sababu gani? Huenda kwa sababu damu yake ina kumbukumbu. Mwili uliokwisha kupambana na kirusi hukitambua kirudipo, na hata ndugu zake wanaofanana naye. Mfano ulio wazi ulitokea karibu nasi. Mwishoni mwa Juni 2009 mgonjwa wa kwanza wa homa mpya ya mafua katika Kenya alionekana Kisumu, naye alikuwa mwanafunzi wa Uingereza aliyekuja safari na wenzake. Homa hiyo ilienea duniani, lakini wazee wengi, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kuangushwa na mafua, walisalimika kuliko vijana. Sababu ni kwamba virusi wa jamaa ile walikuwa wakizunguka duniani tangu 1918 mpaka 1957, na waliozaliwa kabla ya 1957 walikuwa wamekwisha kukutana nao utotoni. Kumbukumbu ya miaka hamsini na zaidi ilikuwa bado imo katika damu!

Kumbukumbu hiyo yaweza kufutwa. Surua, ambayo nayo ni kirusi kiingiacho kwa pumzi, huziua chembe zinazoitunza. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtoto aliyepona surua hupoteza sehemu ya kinga alizokwisha kuzipata juu ya maradhi mengine, na hubaki dhaifu kwa muda mrefu. Mzazi asemaye kwamba surua ni ugonjwa wa kawaida wa watoto hajaambiwa jambo hili.

Mwanamke mwenye mimba ni wa kuangaliwa pia. Tumbo likikua huyasukuma mapafu juu, na kinga ya mwili hubadilika ili isimpige vita mtoto aliye tumboni kama mgeni. Katika mafua makubwa ya 1918, yaliyofika Mombasa mwezi wa Septemba mwaka huo, na katika yale ya 2009, wajawazito walizidiwa kuliko wanawake wengine wa umri wao.

Liko jambo jingine ambalo ni letu hasa, sisi tunaokaa pande za Ziwa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alizunguka nchini akipima damu, akakuta kwamba chembe za damu zenye umbo la mundu ni nyingi kwa watu wa Ziwani na wa Pwani, na chache kwa watu wa milimani. Mwaka 1954 alieleza kwamba aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja hupata ngao juu ya malaria. Lakini mtoto aliyeirithi kwa baba na mama pia ni mgonjwa wa selimundu. Bandama lake, ambalo ni chujio la damu, huharibika mapema, na mafua madogo yaweza kuziba mishipa ya mapafu yake au kufungulia mlango vijidudu vya kichomi. Mtoto huyo asingojeshwe nyumbani hata usiku mmoja.

Hali kadhalika mwenye virusi vya ukimwi. Katika uchunguzi wa taifa wa 2018, watu wazima 13 katika kila 100 wa Migori walikuwa navyo, na Homa Bay karibu 20. Huko Siaya wachunguzi waliona kwamba watu wa namna hiyo hulazwa hospitali kwa mafua kuliko wengine. Anywaye dawa zake kila siku hurudishiwa sehemu kubwa ya askari wake.

Ugonjwa wa korona ulipofika Kenya, Machi 2020, wengi walinena kwamba haumshiki Mwafrika. Damu za watu waliojitolea kuwachangia wagonjwa zilipopimwa katikati ya mwaka huo, karibu mtu mmoja katika kila 20 alikuwa amekwisha kuambukizwa. Ulimshika, tena mapema. Sababu moja kubwa ya wengi kupona ni umri, maana nusu ya Wakenya hawakuwa wamepita sana miaka 20. Chembe za pua ya mtoto hupiga mbiu mara zionapo kirusi hicho. Kwa mzee mbiu huchelewa, na ile tezi ya kifuani inayolea askari wapya imekwisha kusinyaa. Wanaume nao walikufa kuliko wanawake, katika karibu kila nchi iliyoweka hesabu.

Kwa walio na watoto wadogo, hii ndiyo njia ya kupima. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hata mwaka mmoja akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hata mitano akifikisha 40, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akivuta mbavu ndani, au akikataa kunyonya, aende hata kama hesabu ni ndogo. Chanjo ya kichomi, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, hupewa watoto wa majuma 6, 10 na 14. Na mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye Wajaluo humwita nyamrerwa, ataweza kumwonyesha mzazi jinsi ya kuhesabu.