Kiwanja cha mbali na saa za baba nyumbani



Si maswali ya talaka na mirathi peke yake ambayo Waislamu wa Dar es Salaam hutujia nayo baada ya swala. Wapo vijana wenye mke na mtoto mmoja au wawili, waliochoka na chumba na sebule ya kupanga Ilala au Temeke, wakajinyima na kuweka akiba, na sasa wanauliza: tununue kiwanja Chanika, Chamazi, Kibada au Kibaha, na hali kazi zetu ziko Posta na Kariakoo? Wengi hulidhania swali hili kuwa la dalali na fundi tu. Sisi tunaona ni swali la dini, kwa kuwa mahali mtu anapoishi ndipo panapoamua ataswali wapi Alfajiri, watoto wake watamwona saa ngapi, na ni nani watakaomsaidia kuwalea.

Katika Surat Ibrahim, aya ya 37, tunasimuliwa jinsi Nabii Ibrahim (A.S.) alivyoweka sehemu ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea, jirani na Nyumba Tukufu, na sababu aliyoitaja mbele ya Mola wake ni kwamba wapate kusimamisha swala. Hapo hapo akaomba nyoyo za watu zielekee kwao, na waruzukiwe matunda. Swala imetangulia, lakini watu wa kuishi nao na riziki havikusahauliwa. Anayechagua mtaa kwa kutazama bei ya kiwanja peke yake ameacha karibu dua yote.

Ipo pia hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.), aliyoipokea Ibn Hibban, ambamo Mtume (S.A.W.) anataja mambo manne yaliyo katika furaha ya mtu: mke mwema, makazi yenye nafasi, jirani mwema, na kipando cha raha. Wahubiri hukaa sana kwenye mke, wakagusa nyumba na jirani, na kipando wakakipita mbio. Kwa mkazi wa jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, kipando hicho ndicho kinachokula umri wake. Nyumba na kipando vimetajwa katika hadithi moja, basi na vipigiwe hesabu moja.

Tuipige hesabu hiyo. Mwenye kutumia saa mbili kwenda kazini na saa mbili kurudi, hutumia saa 4 kwa siku, saa 20 kwa wiki ya siku tano, na kwa wiki 50 za mwaka ni saa 1,000. Ukizigeuza kuwa siku kamili, usiku na mchana, ni zaidi ya siku 41. Huyu kila mwaka yuko barabarani siku arubaini na ushei, na katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akaagiza kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake.

Hata hivyo tusije tukafahamika kuwa tunaharamisha kuishi pembezoni. Watu wa Bani Salima walikuwa na nyumba mbali na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), wakataka kuhamia karibu nao. Akawaambia wabaki palepale, kwani nyayo zao zinaandikiwa thawabu. Na katika mapokezi ya Bukhari imo sababu nyingine, kwamba alichukia kingo za Madina kuachwa tupu.

Naye Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akiishi Awali, vitongoji vya juu ya Madina, katika makazi ya Bani Umayya bin Zayd. Shughuli zake zikimfunga, lakini hakutaka kupitwa na elimu. Basi yeye na jirani yake Ansari walipeana zamu: siku moja huteremka huyu kwa Mtume (S.A.W.), jioni akamletea mwenziwe habari za wahyi na mambo mengine, na kesho yake huteremka yule. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari, mlango wa kupeana zamu katika elimu. Tunakipenda kwa sababu kinaonesha kwamba umbali ulitibiwa kwa jirani. Leo baba wawili wa mtaa mmoja wa Chamazi wanaweza kupatana hivyo hivyo, mmoja akawahi kurudi Jumanne kusimamia masomo ya watoto wa nyumba zote mbili, na mwingine Alhamisi. Hilo linahitaji jirani unayemwamini, na ndiyo maana Waarabu husema jirani kabla ya nyumba.

Sasa tuje kwenye swala. Wapo wanaodhani kwamba mtu anayetoka Kibaha kwenda Posta ni msafiri, hivyo afupishe. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao huu, safari ya kufupisha ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 au zaidi. Kibaha haifiki hata nusu ya njia hiyo iliyozidishwa kidogo. Wakati wa Magharibi nao ni mfupi, saa moja na dakika chache tangu jua kuzama, na foleni ya barabara ya Morogoro au ya Kilwa haiujali. Kabla ya kununua kiwanja, mtu ajue atateremka msikiti gani njiani akikutwa na wakati, na kama atakuwa radhi kulipa nauli mara ya pili. Asiyekuwa radhi aseme mapema, asijidanganye.

Hata hivyo mzigo mzito zaidi huubeba mtoto. Familia huhamia mbali, lakini shule ya zamani haibadilishwi kwa kuwa ina jina. Matokeo yake mtoto wa miaka sita husimama gizani saa 11 alfajiri akisubiri basi la shule, hurejea jua likikaribia kuzama, na madrasa inabaki kuwa ya Jumamosi na Jumapili, akiwa amechoka. Rai yetu ni kwamba anayehama ahamishe na shule. Na ikiwa huko aendako hakuna shule wala madrasa ya kuridhisha, basi bora aendelee kupanga vyumba viwili karibu na kazi mpaka watoto wakue. Tunajua maneno yatakayosemwa ukumbini, kwamba fulani ana miaka kumi hajajenga. Na yasemwe. Mbona yule aliyejenga vyumba vinne na wanawe humwona Jumapili tu haulizwi?

Usafiri nao hubadilika, na mwenye busara huutazama. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 baina ya Kimara na katikati ya jiji, na Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka huo huo, Kimara na Kigamboni zilisogea kwa namna fulani, ingawa misururu vituoni ni jambo jingine. Asiamini hesabu ya dalali, kwani dalali huhesabu dakika za Jumapili mchana. Aende mwenyewe Jumatatu saa 11 alfajiri, apande daladala mpaka mlango wa kazini, kisha arudi jioni. Aende siku ya mvua aone tope. Aende Jumamosi usiku asikie kama kuna baa au kigodoro nyuma ya kiwanja, na mama wa nyumba aende naye, kwa sababu ndiye atakayetembea kutoka kituoni gizani, au kulazimika kupanda bodaboda ya mtu asiyemjua. Na kabla ya kutoa fedha apite serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa mabondeni hadi Mabwepande, na mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara baina ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa, baadhi yake zikiwa na watu waliodhani wamekwisha kutua.

Limebaki suala la fedha za kununulia, na hasa mikopo yenye riba ambayo sasa hutangazwa kwa jina la makazi nafuu. Hilo lina hukumu zake, nasi inshaallah tutalieleza Ijumaa ijayo.