Mtaji wa Jasho: Kazi Huru ya Mbali na Biashara Inayojilea

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inaafiki mojawapo ya njia za kuanzisha kampuni za teknolojia, ingawa si njia inayosifiwa sana.

Njia iliyozoeleka, hasa nchini Marekani, ni waasisi kuomba fedha kwa wawekezaji na kuwapa hisa. Mwekezaji wa aina hii hutarajia kampuni ikue upesi ili auze hisa zake kwa faida kubwa. Kwa sababu hiyo, mwasisi huweza kujikuta ameajiri watu wengi kabla ya kupata wateja wa kutosha. Aidha, kila anapopokea fedha zaidi, sehemu yake ya umiliki hupungua.

Njia mbadala ina sura mbili. Ya kwanza ni kazi huru ya mbali, ambapo mtaalamu haajiriwi, bali huuza ujuzi wake kwa wateja mbalimbali kupitia intaneti. Ya pili ni biashara inayojilea, yaani ile inayoanzishwa kwa akiba ya mwenyewe na kukuzwa kwa malipo ya wateja.

Sura hizi huweza kulishana. Kampuni ya 37signals, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1999, ilikuwa ikisanifu tovuti za watu. Ili kuratibu kazi hizo, Jason Fried na wenzake waliamua kuunda programu yao wenyewe. Aliyeiandika ni David Heinemeier Hansson, ambaye wakati huo aliishi Copenhagen, saa 7 mbele ya Chicago, na aliitengea takriban saa 10 tu kwa juma. Programu hiyo, Basecamp, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2004. Ujira wa tovuti ndio uliomlea mtoto huyo. Alipoweza kujilisha, kampuni iliacha kusanifia watu tovuti.

Hata hivyo, njia hii ina miiba yake. Mfanyakazi huru akiugua, hana likizo ya malipo wala bima ya mwajiri. Biashara inayojilea nayo hukua polepole, na haifai pale panapohitajika mitambo ya gharama kubwa tangu mwanzo.

Nchini Kenya, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Leo mfasiri wa Kiswahili aliyeko Voi au Eldoret huweza kumhudumia mteja aliyeko Ulaya. Lakini anayelipwa kwa kila neno huuza neno hilo mara moja tu, na kesho huanza upya. Akitenga saa chache kila juma kuandaa kamusi ya istilahi au kozi ya Kiswahili kwa wageni, jasho lake hugeuka mali. Ndiposa mhitimu wa Kiswahili anapopima ujira wa kazi, hana budi kupima pia kile ambacho kazi hiyo itamwachia mkononi itakapokwisha.