Gare ya Kabalo: kwa nini reli zote zinakutana pale?

Ukipanda treni Kalemie, unafika Kabalo kisha kilometa 273. Pale njia zinaachana: moja inaenda Kongolo na Kindu, ingine inashuka Kamina mpaka Lubumbashi. Treni ikikwama Kabalo, wafanyabiashara wa pande tatu wanaumia. Lakini reli haikufuata muji mukubwa. Ilifuata muto.

Kompani ya CFL ya Mubelgiji Édouard Empain, iliyoanza 1902, ilitia reli pale tu Lualaba haipitiki. Kisangani–Ubundu kuna maporomoko: treni. Ubundu–Kindu: bato. Kindu–Kongolo: treni tena. Kongolo mpaka Bukama: bato. Kabalo iko njiani kwenye kipande hicho cha mwisho, na kutoka pale njo walichonga reli kuelekea ziwa Tanganyika. Ilifika 1915.

Mwaka ule ule vita ilikuwa ziwani. Waingereza walileta bato mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupigana na Wadachi. Zilishuka Lualaba mpaka Kabalo, zikapakiwa kwenye treni mpaka ziwani. Historia inakumbuka wakubwa wa safari ile. Watu waliokuwa wanabeba mizigo kutoka bato mpaka kwenye vago, majina yao hatuyasikii, hata kama bila wao gare haingefanya kazi hata siku moja.

Daraja la Kongolo lilimalizika 1939, treni ikatoka Kindu mpaka Kabalo bila bato. Ikabakia tatizo moja: upana. Reli ya CFL ilikuwa metre 1, ya Katanga metre 1,067. Tofauti ni santimetre 7 hivi, lakini ilitosha: vago ya Katanga haikuweza kuingia. Mu 1955 CFL ilipanua reli yake, na mu 1956 njia ya Kamina–Kabalo ikafunguliwa. Tangu pale muzigo unaweza kutoka Lubumbashi mpaka Kindu ao Kalemie ndani ya vago ile ile.

Faida hiyo ina bei yake. Njia ni moja tu. Vita ya 1998 ilipokata treni ya Kindu, ilikatika kwa miaka, na bidhaa zikawa zinafika kwa ndege ao kwa kinga, mutu akisukuma magunia porini siku nyingi. Mpaka leo, vago ikianguka karibu na Kabalo, hakuna reli ingine ya kuzungukia.