Utumbo Uliokosa Neva: Ugonjwa wa Hirschsprung na Upasuaji Wake

Mtoto mchanga aliyetimiza miezi yake tumboni hutarajiwa kutoa choo chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Akipitisha saa 48 bila kukitoa, tumbo likajaa na kukakamaa, na akaanza kutapika matapishi ya kijani yenye nyongo, yapo maradhi machache tu ambayo daktari hana budi kuyafikiria haraka, na mojawapo ni ugonjwa wa Hirschsprung, yaani hali ya kuzaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na seli za neva. Kwa wastani ugonjwa huu humpata mtoto 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa, na wavulana wanaougua ni takriban mara nne ya wasichana.

Utumbo husukuma choo mbele kwa kubana na kulegea kwa zamu, na zamu hizo huratibiwa na vifundo vya seli za neva vilivyojipanga katikati ya tabaka za misuli ya ukuta wake. Seli zinazounda vifundo hivyo hazianzii hapo, bali huhamia utumboni kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba, zikitokea upande wa umio na kushuka hadi puru, ambayo ndiyo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Zikikomea njiani, sehemu yote iliyo chini ya pale zilipokomea hubaki bila neva, na ndiyo maana puru huwamo daima katika eneo lenye maradhi, ingawa urefu wa eneo lenyewe hutofautiana: kwa takriban watoto 8 kati ya 10 halivuki kipinde cha sigmoidi kilicho juu tu ya puru, ilhali kwa wachache utumbo mpana wote huwa umeathirika. Kasoro katika jeni iitwayo RET ni miongoni mwa vyanzo vilivyothibitishwa, na watoto wenye hali ya Down huupata zaidi kuliko wengine. Mama hana kosa katika jambo hili, na inafaa lisemwe waziwazi, kwa kuwa lawama za ukoo humwangukia yeye kwanza.

Sehemu isiyo na neva hailegei, kama mtu angeweza kudhani, bali hubaki imebana, choo kikakosa njia, na utumbo mzima ulio juu yake ukatanuka kwa kulemewa. Hapo ndipo madaktari walipopotea kwa zaidi ya nusu karne. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alipoeleza mjini Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa kwa ugonjwa huo, aliiona sehemu iliyovimba kuwa ndiyo yenye kasoro, na wapasuaji waliokuja baadaye wakawa wanaikata hiyo na kuiacha ile nyembamba, ugonjwa nao ukarudi. Katika miaka ya 1940, Orvar Swenson, mpasuaji wa watoto wa Boston, alitambua kwamba wagonjwa waliofanyiwa kolostomi, yaani kufunguliwa tundu kwenye ukuta wa tumbo ili choo kitokee hapo, walipata nafuu kubwa, lakini tundu lilipofungwa walirudia hali ile ile. Kizuizi basi kilikuwa chini ya tundu, ndani ya sehemu iliyodhaniwa haina tatizo. Mwaka 1948 yeye na Alexander Bill walichapisha maelezo ya upasuaji wa kuiondoa sehemu hiyo, kuuvuta chini utumbo wenye neva, na kuushona karibu na njia ya haja kubwa bila kuharibu misuli inayoifunga.

Mbinu zilizofuata, iwe ile ya Bernard Duhamel wa Ufaransa ya mwaka 1956, au ya Franco Soave wa Italia, au ile ya kufanya kazi yote kupitia njia ya haja kubwa iliyoelezwa mwaka 1998 na wapasuaji wa Mexico, zote zinasimama juu ya wazo hilo moja, na ubishi kuhusu ipi ni bora umechukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili. La maana zaidi ni mahali pa kukata. Kipande cha ukuta wa utumbo cha milimita chache huchukuliwa, hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwenye darubini wakati mtoto angali amelala kwa dawa ya usingizi, na mpasuaji husubiri neno la mtaalamu wa patholojia kabla ya kuendelea, akijua kwamba hata zinapoanza kuonekana seli bado lipo eneo la mpito ambalo halifai kuachwa. Chini nako mshono huwekwa juu kidogo ya mstari ambapo utando wa utumbo hukutana na ngozi yenye hisia, kwani ukiharibiwa mstari huo, mtoto hukosa uwezo wa kutofautisha upepo na choo.

Katika Afrika Mashariki huduma hiyo ya darubini ya papo kwa papo ipo katika hospitali chache, na watoto wengi hufikishwa hospitalini wakiwa na miezi au hata miaka, tumbo likiwa limetanuka mno, baada ya kutibiwa kwanza chango au gesi. Kwa hiyo matibabu mara nyingi hufanywa kwa hatua tatu, kolostomi kwanza, kisha upasuaji wa kuuvuta utumbo, na mwisho kufunga tundu, huku mama akibaki na kazi ya kutunza ngozi inayochubuliwa na choo kwa vitambaa pale mifuko maalumu inapokosekana au kumshinda bei. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74 na kasoro saba za kuzaliwa nazo, ugonjwa huu ukiwa mojawapo, ulikuta kwamba katika nchi maskini walikufa asilimia 39.8 ya watoto, na katika nchi tajiri asilimia 5.6.

Watoto wengi waliofanyiwa upasuaji hufikia utu uzima wakiwa na maisha ya kawaida, lakini si mara moja. Baadhi hubaki na choo kigumu, na wengine huchafua nguo bila kukusudia, tatizo ambalo chanzo chake lazima kitafutwe kabla ya kutibiwa, kwa sababu mtoto anayevuja kwa kuwa utumbo umejaa huhitaji kusafishwa na kupewa dawa ya kulainisha, ilhali yule ambaye misuli yake imeumia huhitaji utaratibu wa kuoshwa utumbo kila siku ili aende shule akiwa mkavu. Hatari kubwa zaidi, kabla na baada ya upasuaji, ni uvimbe mkali wa utumbo unaoambatana na homa, tumbo kujaa na kuhara choo chenye harufu kali kinachotoka kwa kishindo. Mzazi au mhudumu wa zahanati huweza kuudhania kuwa ni kuhara kwa kawaida, akampa mtoto maji yenye chumvi na sukari na kumrudisha nyumbani, wakati anachohitaji ni dripu, antibayotiki na kuoshwa utumbo kwa mpira laini na maji ya chumvi ya hospitali, tena siku hiyo hiyo.